Bahari ya Gredi ya Pili

Kitabu chenyewe kilikuwa kikubwa kama sinia, na Gredi ya Pili walikipenda hata kabla hakijafunguliwa. Jaladani alikuwepo kaa mwekundu ameinua magando yake, na nusu ya darasa wakaapa kwamba yule ni buibui. Mwalimu Munyiva aliwaambia ni kaa, anaishi ufuoni, anatembea upande upande. Yeye mwenyewe kaa hajawahi kumwona kwa macho. Kwao ni Makueni, amefundisha Kitengela miaka tisa, na bahari aliijua kwa picha tu kama wao. Lakini mwalimu akikiri hajui mbele ya watoto wa miaka saba, watampanda kichwani kabla ya saa nne.

Walisoma mchanga, wakasoma ndoo, wakasoma mawimbi. Taabu ilianza ukurasa wa sita. Hapo msichana wa kitabuni amepigwa na wimbi usoni, ametoa ulimi nje, na chini pameandikwa kwamba bahari ina chumvi.

"Uongo!" Nyawira akasema.

"Nani aliiweka?" akauliza mwingine.

Naeku, ambaye baba yake anafuga upande wa Isinya, alisimama kabisa kwa hasira. "Chumvi ni ya ng'ombe, mwalimu. Sasa huko baharini kuna ng'ombe wa nani?"

Munyiva alicheka mpaka akajifuta machozi. Na siku hizi, mwenzangu, mtoto hafundishwi kwa mdomo. Mtaala unasema ashike, anuse, aonje, na vifaa vitoke nyumbani, wazazi wapende wasipende. Basi akawaambia Jumatano watatengeneza bahari yao hapo hapo darasani. Kila mmoja alete kijiko cha chumvi kwenye karatasi.

"Na muonje kwanza huko nyumbani," akaongeza. "Sitaki kuletewa sukari."

Alikuwa na sababu. Muhula uliopita aliitisha majivu, akaletewa simiti na watoto watatu. Jioni hiyo kikundi cha wazazi cha WhatsApp kililalamika kama kawaida yake. Baba Nyawira aliandika, leo chumvi, kesho mtaitisha kuku, na watu wakaweka vicheko. Mama Kiilu hakuandika kitu. Yeye huwa haandiki, kwa sababu simu yake hukaa langoni mwa shamba la maua kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka anapotoka, na jioni huwa amechoka hata kuisoma.

Jumatano ikafika. Beseni la buluu liliwekwa mezani, maji ya tangi yakamiminwa, na watoto ishirini na wawili wakapanga foleni na karatasi zao. Kila mmoja alimwaga chake kwa heshima, kama anatoa sadaka. Munyiva alikoroga kwa rula. Kisha mmoja mmoja wakachovya kidole, wakaonja, wakakunja uso, wakapiga makelele ya furaha. Hata Naeku alikubali kwamba hiyo ni bahari. Mwalimu naye alichovya. Chumvi ilikuwepo, na nyuma yake kukawa na uchungu kidogo na ubaridi wa ajabu kwenye ulimi. Akafikiri ni maji ya tangi. Tangi lile halijaoshwa tangu Krismasi.

Kiilu peke yake hakuonja. Alimwaga chumvi yake, akarudi kukaa, akalaza kichwa juu ya dawati. Munyiva alidhani amenuna.

Ilipofika saa tatu na nusu, Kiilu alitapika.

Alitapika mara ya kwanza kwenye dawati, mara ya pili sakafuni, na Munyiva alipomwinua kumpeleka nje akaona midomo ya mtoto imeingia rangi ya zambarau. Aliipangusa kwa kidole, akidhani ni wino. Haikutoka.

"Kiilu, umekula nini?"

Kiilu aligeuza uso.

"Amekula chumvi," akasema Nalotuesha, jirani yake wa dawati, ambaye hutembea naye kuja shule. "Alikuwa anailamba njia yote. Alinipatia kidogo, iko na baridi kama peremende. Mimi nikatema, yeye akaendelea."

"Kwa nini hukumwambia aache?"

Nalotuesha alimtazama mwalimu kama mtu anayeonewa. "Si wewe ndio ulisema tuonje?"

Munyiva alirudi ndani mbio. Karatasi ya Kiilu ilikuwa bado juu ya dawati, kubwa kuliko za wengine, imetolewa kwenye daftari la hesabu. Kwenye mikunjo yake palibaki punje nyeupe, nene kuliko chumvi, zinazong'aa. Aligusa moja kwa ulimi kabla hajajizuia. Ubaridi ule ule.

Hiyo si chumvi. Mtu hahitaji kusomea chochote kujua hivyo. Na nyumba ya akina Kiilu ni ya mama na mtoto, na mama anafanya kazi kwenye shamba la maua, na shamba la maua, kila mtu wa Kitengela na Isinya anajua, lina stoo mbili. Moja ni ya kulisha maua. Nyingine ni ya kuua wadudu.

Akaliangalia beseni. Akawaangalia watoto ishirini na mmoja wanaolamba vidole vyao.

"Hakuna mtu kugusa hiyo maji! Toeni vidole mdomoni! Wote, nje!"

Walidhani ni mchezo, wengine wakacheka. Alipiga kelele ya pili kwa sauti ambayo hawajawahi kuisikia, na wawili wakaanza kulia.

Madam Nyaguthii, mwenye shule, alitoka ofisini na kikombe cha chai mkononi. Ni mama wa watu, mtu asimseme vibaya, lakini shule ile aliijenga kwa kuuza shamba la marehemu mumewe, na jambo la kwanza lililomjia kinywani ni hili: "Wazazi wamejua?"

"Madam, Kiilu anakufa."

"Ngai! Usiseme hivyo. Wape maziwa. Tuma mtu dukani alete maziwa, maziwa inakata sumu."

"Maziwa sijui inakata nini. Mimi naenda hospitali, na naenda na wote."

Wakatazamana. Kisha Nyaguthii akaweka kikombe chini kwenye vumbi, akaenda kuwasha gari la shule yeye mwenyewe, maana dereva alikuwa ameenda kununua tairi. Watoto walipakiwa watatu watatu kwa kiti. Munyiva alimpakata Kiilu mbele. Mtoto alikuwa mwepesi, na mkono wake ulikuwa na jasho la baridi. Njia nzima Munyiva alihesabu vichwa huko nyuma, na kila mtoto aliyenyamaza alimwita kwa jina mpaka aitike. Alipofika kwa Naeku, Naeku akasema, "Mwalimu, umeniita mara nne." Akamwita ya tano.

Daktari Njogu wa hospitali waliyofikia alikuwa kijana mwenye macho ya usingizi. Usingizi ulimtoka alipoona ile midomo. Watoto wengine walipangwa kwenye benchi, wakapimwa mmoja mmoja, na baada ya muda akasema hao wameonja maji tu, wako sawa kwa sasa, wakae waangaliwe. Munyiva alitaka kushukuru, lakini yale maneno "kwa sasa" yalimkwama rohoni.

"Huyu ndiye shida," Njogu akasema. Alikuwa ameinama juu ya Kiilu. "Kijana, ulilamba nini?"

Kiilu alitazama dari.

"Hatukugombeshi. Uliitoa wapi? Kwa kopo? Kwa chupa? Mama anaitumia kufanya nini?"

Kiilu alifunga macho. Munyiva alipiga magoti kando ya kitanda, akambembeleza kwa Kiswahili, akambembeleza kwa Kikamba, mwisho akaanza kulia bila kutaka. Mtoto alikunja midomo yake ya zambarau ndani ya meno, akaishikilia hapo. Hilo lilimtisha Munyiva kuliko kutapika. Mtoto anayeumwa huita mama. Huyu hakuita mtu.

Njogu alimvuta Munyiva mlangoni. "Sikiza mwalimu. Hii inaonekana kama mbolea, lakini siwezi kuapa. Wengine wanachanganya. Kama ni mbolea, dawa yake niko nayo. Kama ni ya kuua wadudu, dawa yake ni ingine, pia niko nayo. Lakini nikimpa isiyo yake, nitammaliza kwa mkono wangu. Nahitaji mama yake aniambie, na nahitaji haraka."

Walipiga simu ya Mama Kiilu. Haikushikwa. Walipiga ya lango la shamba, na sauti moja ikasema wakati wa kuvuna wafanyakazi hawaitwi, piga saa saba. Nyumba ina kufuli, na hata wangeivunja, punje nyeupe kwenye chombo hazijitaji jina. Nyaguthii alikuwa tayari ameshika funguo.

"Twende Isinya," akasema.

Barabara ilikuwa imejaa malori ya kutoka Namanga, yanatambaa kama kawaida yake. Nyaguthii, ambaye kanisani huenda kwa kilomita thelathini kwa saa, aliyapita kwa upande wa vumbi huku anaomba kwa sauti. Munyiva hakuomba. Kichwani mwake lilizunguka neno moja tu, muonje, muonje, kwa sauti yake mwenyewe ya darasani. Ulimi wake ulikuwa umekauka na hakujua kama ni woga au ni ile bahari.

Langoni walikuwepo askari wachache, na mzee wao aliwasalimu kwa Kimaasai, "Sopa," na Munyiva akasahau kujibu. Alieleza kwa maneno yaliyogongana. Askari akaelewa neno mtoto na neno sumu, akaenda kwa mguu wa haraka. Dakika zilipita. Kisha wakamwona Phylis, Mama Kiilu, anakuja kutoka kwenye nyumba za plastiki akiwa na koti la kijani la kazi na gambuti, karibu anakimbia. Nyuma yake alikuja supavaiza, mwanamume mnene aitwaye Gichuru, na beji yake shingoni.

"Kiilu amefanya nini?" Phylis alianza kuuliza akiwa mbali.

"Amelamba kitu huko nyumbani, Mama Kiilu. Nyeupe, iko na baridi kwa ulimi. Aliileta shule akidhani ni chumvi. Ni nini?"

Phylis alifungua mdomo. Na kabla neno halijatoka, macho yake yalienda kwa Gichuru.

Munyiva aliona. Angependa asingeona. Wanawake wawili walifukuzwa mwezi uliopita kwa kukutwa na mbolea ndani ya vyombo vya chakula, habari ilizunguka Kitengela nzima, na mmoja wao alipelekwa hadi polisi.

"Ni chumvi," Phylis akasema. "Kwangu kuna chumvi tu."

"Mama Kiilu."

"Ni chumvi, mwalimu. Labda imekaa sana."

Munyiva alimgeukia Gichuru. "Tafadhali, tupe dakika moja. Ni mambo ya wamama."

Gichuru alisugua shingo. Alionekana mtu ambaye angetamani kuwa mahali pengine. "Mwalimu, mfanyakazi akiitwa langoni wakati wa kazi, mimi nasimama naye. Hiyo ndiyo sheria. Na hao askari pia wako hapa."

Simu ya Munyiva ililia. Ni Njogu. Aliiweka kwa sauti kubwa bila kufikiri mara mbili, akaishikilia katikati yake na Phylis.

"Mwalimu, umepata?" Sauti ya daktari ilikuwa ya mtu anayetembea. "Mtoto ameanza kulegea. Hanijibu vizuri."

"Mama yake anasema ni chumvi."

Daktari alipaza sauti. "Chumvi? Chumvi haifanyi hivi. Kama ni chumvi kweli, basi huyu ako na ugonjwa mwingine kabisa, na mimi nianze kutafuta moyo, nianze kutafuta mapafu. Mama ako hapo? Mama, uko sure?"

Phylis alikuwa ameshika mkanda wa koti lake kwa mikono miwili. Unaweza kumhukumu ukitaka, wewe uliyeshiba. Mwanamke yule alikuwa ameibeba mbolea ile kidogo kidogo ndani ya gambuti kwa miezi minane, akilisha sukuma wiki aliyopanda kwenye magunia nyuma ya nyumba, na mara ngapi imemwingia mdomoni mwenyewe na hakufa. Alikuwa anajiambia mtoto amelamba tu, atatapika, itaisha, na kazi itabaki. Ndivyo alivyokuja kueleza baadaye. Lakini pale langoni hakueleza.

"Mama?" simu ikasema. "Mimi naanza na moyo."

"Ni mbolea!" Phylis alipiga kelele mpaka askari akaruka. "Daktari, usianze! Ni mbolea, si dawa. Ile nyeupe ya kutiwa kwenye pipa la kwanza la kulisha maua. Haijachanganywa na kitu, nimeitoa mwenyewe kwa gunia, nimeibeba na hii mguu yangu. Ni mbolea, nakuapia kwa Mungu, mpatie ya mbolea!"

"Uko sure?"

"Niliiba mimi! Nitakosaje kujua?"

"Sawa," Njogu akasema, na simu ikakatika.

Kwa mbali, pampu ya maji iliendelea kunguruma. Gichuru aliangalia ardhi, akaangalia wale askari, akapumua.

"Ungeniambia kando, Phylis," akasema polepole. "Ningekuwa sijasikia."

"Ningekuambia kando mtoto afe?"

Gichuru alinyoosha mkono, na Phylis akavua beji, akavua lile koti, akalikunja mara mbili, akamkabidhi. Alibaki na blausi ya maua na gambuti. Gambuti nazo ni za kampuni, lakini Gichuru hakuziitisha. Askari mzee alifungua lango bila kumpekua.

Safari ya kurudi ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Mwanzoni walikuwa na kitu cha kutafuta, sasa hawakuwa na kitu ila kusubiri, na malori yalikuwa yale yale. Munyiva alimpigia Njogu. Haikushikwa. Akapiga tena. Akapiga ya hospitali, ikaita mpaka ikachoka. Phylis alikaa nyuma katikati ya viti vitupu vya watoto, mkono umeshika chuma cha kiti cha mbele.

"Anashika?" aliuliza.

"Bado."

"Kwa nini hashiki?"

"Ako na kazi, Mama Kiilu. Ako na mtoto."

Phylis alirudia, ako na mtoto, ako na mtoto, kwa sauti ndogo, na Nyaguthii akawasha taa zote za gari mchana kweupe, akapiga honi, akapita.

Waliposimama hospitalini, benchi lilikuwa tupu. Watoto ishirini na mmoja hawakuwepo. Munyiva alisimama mlangoni, kisha akasikia vicheko upande wa nyuma. Muuguzi alikuwa amewatoa nje kwenye kivuli, wanacheza. Muuguzi huyo akapita na beseni, akamwona Phylis na gambuti zake, akajua bila kuambiwa.

"Chumba cha pili," akasema. "Polepole, bado ako dhaifu."

Kiilu alikuwa amelala chali na dripu mkononi. Midomo ilikuwa bado na rangi mbaya pembeni, lakini katikati imeanza kurudi kuwa midomo ya mtoto. Macho yalikuwa wazi. Njogu alikuwa amekaa kwenye stuli kando yake, jasho limemlowesha shati, simu yake iko sakafuni inawaka kimya. Aliinua kichwa, akaitikia kwa kidole gumba, akatoka kuwapisha.

Phylis alienda mpaka kitandani. Hakumshika mtoto mara moja. Alimtazama kwanza kila mahali, kifua, vidole, kucha. Kisha akaweka kiganja juu ya paji la uso wake, akakaa kwenye stuli ya daktari.

"Mwana wakwa," akamwita mwanangu kwa Kikamba.

Kiilu aliangalia mlango. Munyiva alikuwa amesimama nyuma ya pazia na mtoto hakumwona. Aliangalia tena kuhakikisha, halafu akamvuta mama yake kwa ukosi wa blausi mpaka sikio lake likawa karibu.

"Mama, sikuwaambia," akanong'ona. "Daktari aliniuliza sana. Mwalimu alilia. Hata nilipokuwa nasikia nakufa, sikuwaambia nilipokosa chumvi nilitoa ile ya kwa kopo lako."

Phylis aliinama zaidi.

"Ulisema nikitaja hilo kopo watakufukuza," mtoto akaendelea. Alipumzika kupata pumzi. "Kazi bado iko?"

Nyuma ya pazia Munyiva aliziba mdomo wake kwa mikono miwili. Phylis alivuta blanketi mpaka kwenye kidevu cha mwanawe, akalikunja vizuri pande zote mbili, akachelewa hapo kwa muda mrefu kuliko blanketi linavyohitaji.

"Iko," akamwambia. "Lala."